Likizo ndefu nipo kwa bibi Pangani, nyie wenzangu siku mnazimalizaje?

BintiKusi

Wakuu habari zenu, na wale mliofunga vyuo poleni na mitihani. Mimi nikifungua naingia mwaka wa tatu, tumefunga mwezi wa saba na kufungua ni mpaka mwezi wa kumi mwishoni, fildi kozi yetu tulishamaliza mwaka jana kwa hiyo hii miezi mitatu yote ni ya kwangu. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, ndo basi tena mpaka chuo kifunguliwe, chumba nilichopanga Dar nimerudisha, nikapanda gari mpaka Tanga afu nikaunga nyingine mpaka Pangani kwa bibi na babu mzaa mama. Hapa ndo nipo.

Asubuhi siku inaenda vizuri sana. Bibi anauza vitumbua, mchele unalowekwa mchana, jioni unasagwa na tui na hiliki, hamira inafanya kazi yake usiku kucha, na saa kumi na moja alfajiri sisi tupo jikoni tunachoma. Nawaambia kuna sekunde moja tu ya kugeuza kitumbua, pembeni kimeshashika rangi na katikati bado kinatetemeka, hapo hapo unakitia kijiti unageuza. Mimi nakodoa macho na bado bibi ananiwahi, kanipa mgongo anaosha ndoo huko utasikia "geuza icho cha pili." Sijui ananusa sijui anasikia mlio, nimemuuliza anacheka tu. Wanafunzi na watu wanaowahi kivuko cha kwenda Bweni wanamaliza ndoo nzima kabla ya saa tatu.

Sasa shida inaanzia saa nne. Nimefagia, nimefua, nimeteka maji, upepo wa kusi unavuma, minazi inayumba, bando limebaki kiduchu na siku ndo kwanza bichi. Jirani yetu mmoja mama mtu mzima kila akipita ananiuliza mwanangu umemaliza chuo? Namwambia bado mama nipo likizo. "Likizo miezi mitatu? Walimu wenu wanaumwa?" Kesho yake tena hivyo hivyo, kesho kutwa tena, mpaka sasa hivi akinikuta kibarazani haulizi habari za chuo, anauliza walimu wameshapona? Nampenda mama yule, akipita siku nzima inachangamka.

Ila usiku nikifungua grupu la darasa naona huyu kapata nafasi ya kujifunza kazi benki, yule anaonyesha cheti cha kozi ya mtandaoni, mwingine kaanza kuuza manukato, nawapongeza kwa moyo mweupe kabisa, ila nikizima simu nabaki naangalia dari najiuliza hii miezi mitatu yangu inakwenda na upepo bure bure au vipi.

Kitu kingine, babu. Babu yangu macho yamepungua nguvu sana, mchezo wake ni bao na mzee mwenzie wa kucheza nae kaenda Tanga kwa mwanae hajulikani anarudi lini. Juzi kaniita, "njoo ukae hapa nikufunze, au chuoni mmekatazwa?" Nimekaa. Kanifunga mara nne kabla ya alasiri.

Sasa naomba nyie mniambie ukweli, ule muda wa katikati mnafanya nini? Siulizii biashara, naulizia mchana mrefu. Na mtu akikaa tu kwao akala akacheka na watu wake akalala, kwani amekosea? Na kama kuna mtu humu bao analijua anipe mwanga maana babu hafundishi kwa maneno, yeye anakula tu kete zako afu anasema "umeona?"

---

KarotiNaBaridi

Dada yangu pole na hongera ya vitumbua. Mimi wa Lushoto, naingia mwaka wa pili, na ntakwambia kitu ambacho labda hutokipenda. Umri huu nguvu unazo, miezi mitatu ni mingi, tafuta kibarua. Mimi nilivyofika nyumbani nimekuta mzee kavuna karoti na viazi, wanunuzi wanapanda na fuso wanataka wajaze lumbesa, gunia lina kichwa kama limevaa kilemba afu bei wanataka kulipa ya gunia la kawaida. Mzee wangu mpole, miaka yote anakubali. Mwaka huu nikasema hapana, nikakaa mimi pale na mzani wa kuazima, tukauza kwa kilo. Siku ya kwanza dalali kanuna kaondoka. Ya pili kaja mwingine kakubali. Jioni mzee kazihesabu zile hela mara mbili afu akazihesabu tena, hajasema neno, kaenda kuninunulia koti maana huku mwezi wa saba baridi ni ya kuvaa blanketi mezani, ukungu unaingia mpaka ndani.

Kwa hiyo mimi mchana mrefu sina. Sisemi ukae vibaya, ila hivyo vitumbua mbona ni mtaji tayari, si uongeze karai la pili? Abiria wa kivuko wapo mchana kutwa.

---

BintiKusi

Mkuu nimekuelewa na hiyo ya mzani nimeipenda mno, mzee wako kapata mtoto. Karai la pili nilimwambia bibi wiki ya kwanza kabisa, akanijibu yeye anachoma vinavyotosha na mchana anataka kulala. Ana miaka zaidi ya sabini, kachoma vitumbua tangu mama yangu yupo shule ya msingi. Sikuwa na la kuongeza.

---

MtotoWaForodhani

Bibi kajibu sawa kabisa, mchana watu walale hehehe.

Mie nipo Unguja, chuo tumefunga, na nakwambia BintiKusi likizo yangu yote inafata maji. Maji yakijaa jioni niko Forodhani naruka makachu, yakitoka nipo pwani na binamu zangu wanatafuta pweza. Makachu kama hujayaona ni sie vijana tunakimbia tunajirusha kutoka ukingoni tunaingia baharini, na sio kuruka tu, kila mtu ana mtindo wake, yuko anaejipinda hewani mara mbili, yuko anaeingia kama msumari maji hayaruki hata tone. Lazima maji yawe yamejaa sawasawa, yakipungua chini pana hatari, kwa hiyo tunajua tarehe za mwezi kuliko ratiba ya mtihani. Bamvua likija, mwezi mwandamo au mpevu, hapo ndo maji yanapanda juu hasa na pale ukingoni huna pa kuweka mguu kwa watu. Kuna kijana mdogo wa miaka kumi hivi alikaa siku tatu anakuja ukingoni anaangalia anarudi nyuma. Hakuna aliemsukuma, hiyo kwetu ni mwiko. Siku ya nne karuka, kaibuka anapiga kelele "nipeni kanzu yangu nirudi tena!" mtu kavaa kaptula, kanzu ya nani hatujui mpaka leo. Usiku tunakula urojo tumelowa hivyo hivyo tunatetemeka na upepo wa kusi.

Na mwezi wa saba huu huu tulikwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa kienyeji. Watu wa kusini na wa kaskazini wanapigana kwa vigogo vya migomba, kila mtu anatoa kinyongo chake cha mwaka mzima hapo, likachomwa banda la makuti na yule aliekuwa ndani akachomoka mbio, akina mama wanaimba. Wenyeji hawataki uondoke hujala kwao, mie nilikula nyumba tatu. Sasa uniambie hio ni kupoteza muda? Mie sikubali. Hayo mambo nikija kuwa na kazi ya saa mbili mpaka saa kumi ntayapata wapi.

---

Komwe_32

Nimeona swali la bao nimeshindwa kupita kimya. Binti yangu, babu yako anakufundisha sawasawa ila ntakupa maneno ambayo yeye kaona hayana haja.

Bao la Kiswahili lina mashimo thelathini na mbili, safu nne za nane nane, na kete sitini na nne. Kila mtu ana zake 32. Mnaanza na kete sita kwenye nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofata kuliani kwako. Hizo kumi. Zinabaki ishirini na mbili mkononi, unatia moja moja kila zamu, hiyo ndo namua. Kete za mkononi zikiisha ndo mnaingia mtaji, mnacheza na zilizopo kwenye bao tu, na mchezo unabadilika kabisa, asieujua mtaji atasifiwa nusu ya kwanza tu.

Sasa wewe unafungwa mara nne kabla ya alasiri kwa sababu moja, naapa bila kukuona. Unavunja nyumba mapema. Unakula, unasambaza, kete ya mwisho inaangukia nyumbani kwako, unaona kete nyingi pale unafurahi unazichota zote unaendelea. Usifanye hivyo. Nyumba ikiwa na kete sita au zaidi una hiari, unaweza kulala hapo hapo ukamuachia zamu. Lala. Iache inenepe. Nyumba ukishaivunja mara moja basi, inakuwa shimo kama mashimo mengine. Na ukila kwenye kichwa au kwenye kimbi, kile cha pembeni na cha pili yake, huna hiari ya upande, unaanza kusambaza kutokea upande huo huo. Kwa hiyo kabla hujatia kete hesabu itaishia wapi, sio unatia ndo unashangaa.

Kete zenu ni za komwe? Kama ni za komwe, zile mbegu za kijivu, mwambie babu kuna mtu kamsalimia sana. Siku hizi watu wanachezea kokoto na gololi, mkono hausikii kitu.

---

BintiKusi

Shikamoo Komwe_32. Umenijua kama ulikuwepo kibarazani, navunja nyumba kila mara. Na ndiyo ni za komwe, nyingine zimeng'aa kwa kushikwa.

---

Komwe_32

Marahaba binti. Kalale nyumbani.

---

AliyeBerlin

Habari za huko. Mimi Mtanzania nasoma masters Berlin, huku ndo kiangazi hasa na nimesoma huu uzi nikiwa nimelala kwenye majani saa mbili na nusu usiku na jua bado linaniwakia usoni. Mwezi wa sita magharibi ilikuwa inaingia saa tatu na nusu usiku huko na kabla ya saa kumi na moja alfajiri jua limeshachomoza tena, mwaka wa kwanza nilikuwa nashindwa kulala nikaweka kanga ya mama dirishani juu ya pazia mpaka leo ipo hapo hapo.

Hapa nilipo ni Tempelhofer Feld, zamani ulikuwa uwanja wa ndege, wakaufunga 2008, na 2010 wakawafungulia watu iwe bustani. Njia za ndege bado zipo kama zilivyo, ndefu mpaka mwisho huoni, sasa hivi watu wanaendesha baiskeli juu yake, watoto wanarusha tiara, familia zinachoma nyama. Na kuna watu wazima na akili zao, madaktari, wanasheria, wamelala chali hawafanyi chochote tangu saa tisa. Hakuna anaewauliza walimu wenu wanaumwa. Profesa wangu nilimwandikia imeili, ikarudi jibu yenyewe kwamba yupo likizo na hatosoma kitu mpaka wiki ya pili ya mwezi wa tisa. Kazima. Nilikaa naangalia ile imeili kwa muda, nikasema kumbe inawezekana.

Kazi nafanya, KarotiNaBaridi usinielewe vibaya. Sheria yao sisi tuliotoka nje ya Ulaya tunaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka, wengi tunaziweka nyingi likizo hii, mimi napanga mizigo kwenye ghala kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Ila nikitoka nakuja hapa. Kuna mzee mmoja anapita na mfuko anaokota chupa, chupa ya plastiki ukiirudisha dukani unapata senti 25, nikimaliza maji nampa yangu, tumekuwa tunasalimiana mpaka tumezoeana, jana kanipa tofaa.

Nachotaka kukwambia BintiKusi ni hiki, mimi babu yangu alikuwa anacheza bao pia, Kilwa. Kila likizo nilikuwa napita pale mbio na simu mkononi namwambia babu ntakuja, babu ntakuja. Sikujifunza. Sasa hivi ningelipa nauli ya ndege kukaa ule mkeka saa moja. Kaa na babu yako, cheti cha mtandaoni utakikuta mwezi wa kumi.

---

MeliZinapita

Mambo yenu. Mimi niko Mombasa, sisi tumefunga kitambo. Jioni nachukua kakangu mdogo tunaenda bustani ya Mama Ngina kando ya bahari tunakaa chini ya mibuyu na mihogo ya kukaanga ya ndimu na pilipili, tunahesabu meli zinazoingia Kilindini. Tuna daftari. Tunaandika rangi, bendera, makontena yako tele ama ni tupu, meli ikiwa tupu inaelea juu unaona ule mstari mwekundu wa chini. Kakangu ako darasa la tano, ashajua bendera nyingi kunishinda, jiografia sahii anapata alama nzuri na hakuna mtu alimwambia asome. Tukichoka tunashuka tunavuka feri ya Likoni kwa miguu, ni bure, tunaenda ng'ambo tunarudi, hatuna shughuli yoyote huko. Hiyo ndio likizo yetu na ni tamu.

---

KarotiNaBaridi

Haya nyote mmenishinda kwa wingi. Ila @AliyeBerlin hiyo ya Kilwa imenigusa. Jioni hii nimekaa na mzee wangu kwenye jiko la mkaa tumekula mahindi, kumbe anajua hadithi za Kisambaa nyingi na sijawahi kumuuliza.

---

BintiKusi

Wakuu nimerudi, samahani bando lilikata wiki nzima. Nimesoma zote, na za Mombasa nimemsomea bibi kasema na sisi tuanze kuandika kivuko.

Sasa habari zenyewe. Jumanne baada ya alasiri babu katandika mkeka, nikapanga kete kama Komwe_32 alivyosema na nikampa salamu zako. Babu akasimamisha mkono, kauliza mtu gani huyo, nikasema yupo kwenye simu. "Mwambie namsikia."

Tukaanza. Babu haangalii bao, anapapasa kila shimo kwa kidole kimoja kama anagusa kichwa cha mtoto, anajua hapa sita, hapa tisa, hapa kuna moja anaipita. Mimi nimefika nyumbani mara ya kwanza, nimelala. Mara ya pili, nimelala. Ya tatu vidole vinawasha nataka kuzichota, nimelala. Babu kapapasa upande wangu kagusa nyumba yangu akatulia hapo. "Hii imenona." Hajawahi kunisifu kitu kwenye bao, nilitabasamu peke yangu mpaka bibi akauliza kuna nini. Ile ya kunifunga mkononi, kete zangu hata hazijaisha kutiwa, safari hii haikuwepo. Tumeingia mtaji kabisa. Adhana ya magharibi ikatukuta katikati, babu kafunika bao na kanga ya bibi akaagiza watoto wote wa nyumba hii wasilisogelee.

Jumatano tumeendelea, na saa kumi hivi hodi, mzee mwenzie karudi kutoka Tanga na mfuko wa machungwa. Kakaa kwenye mkeka kapewa kahawa na kashata, akaanza kuangalia. Mimi nataka kuchota kete za kimbi la kushoto, mzee akakohoa. Nikasita, nikahesabu upya, kweli ningeliwa. Nikahamisha. Baadae tena naenda kukosea, kakohoa tena. Babu bila kugeuka akamwambia kikohozi hicho cha kuja na kuondoka ukakionyeshe hospitali.

Amenifunga, ila imechukua siku mbili, na mwisho mbele yangu zilibaki kete tatu tu. Yule mzee akasogea akaanza kupanga kete zake, kasema haya sasa zamu yangu, mtoto kapumzike. Babu akaweka kiganja juu ya bao. Akamwambia subiri kwanza, huyu chuo kinafunguliwa mwezi wa kumi, wewe unakwenda wapi?